Barsaba Hakuchaguliwa



 Leo naongea hasa na wewe uliyewahi kubandikwa namba kifuani, ukapanga foleni tangu alfajiri, ukaingia kwenye chumba chenye kamera moja na majaji watatu, ukaigiza kwa dakika moja, kisha ukasikia: "Asante. Anayefuata!" Na kama hujawahi kwenda kwenye usaili wa filamu wala tamthilia, usiondoke. Kila mmoja wetu ana "anayefuata" yake. Wengine tumeisikia kwenye ajira, wengine kwenye uchumba, wengine hata seminarini.

Mimi niko kwenye mwaka wa kichungaji huku kwetu Singida, baada ya kumaliza falsafa. Parokiani kuna binti mmoja, jina lake naliacha, ila mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Anatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi, kando ya barabara kuu iendayo Manyoni. Ijumaa Kuu vijana wa VIWAWA walipoigiza Njia ya Msalaba, yeye alikuwa Mama Maria. Basi tulipofika kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na Mama yake, binti huyu hakusema hata neno moja. Alisimama tu, akamtazama yule kijana aliyebeba msalaba, akanyoosha mkono kidogo halafu akaurudisha. Wazee wetu si watu wa kulia hadharani, lakini siku ile niliwaona wanainamisha vichwa.

Wiki chache baadaye likazunguka tangazo kwenye WhatsApp: usaili wa wazi wa tamthilia, Dar es Salaam, wote mnakaribishwa. Kwaya ikamchangia. Mama yake akauza kuku wanne kwa wale wanunuzi wanaopita vijijini. Si mnajua kuku wa Singida wanavyotafutwa Dar? Binti akapanda basi, kilomita kama 700, akalala kwa shangazi yake, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika kwenye foleni. Aliitwa saa tisa alasiri.

Jaji mmoja akamuuliza anatoka wapi.

"Singida."

"Ahaa! Umetuletea kuku?"

Chumba kizima kikacheka. Na yeye akacheka, maana ungefanyaje? Lakini nauli yake ilikuwa kuku kweli. Kisha akapewa karatasi yenye maneno ya msichana wa mjini anayegombana na mchumba wake. Alipofika mstari wa pili akakatishwa. "Asante. Anayefuata!"

Aliporudi, hakuonekana kwaya. Jumuiya hakuja. Jumapili alisali Misa ya kwanza, akakaa nyuma kabisa, na kabla ya baraka ya mwisho alikuwa ameshatoka. Nilipomtembelea nyumbani aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Frateri, kukataliwa na wale nisiowajua naweza kuvumilia. Nashindwa kuwatazama walionichangia."

Nikafanya kile tunachofanya mafrateri. Nikamletea Daudi. Nikamkumbusha 1 Samweli 16, jinsi Yese alivyowapitisha wanawe saba mbele ya Samweli, wote wakaachwa, na aliyechaguliwa akawa yule mdogo aliyekuwa porini na kondoo. Nikasema Mungu haangalii sura wala kimo, anaangalia moyo. Nilijiona nimehubiri vizuri sana.

Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza: "Lakini Frateri, Daudi si alishinda?"

Sikuwa na jibu. Niliaga, nikapanda bodaboda, nikarudi parokiani nimenyamaza. Maana ni kweli. Habari ya Daudi humfariji mtu ambaye baadaye atachaguliwa. Na sisi wahubiri tunaipenda kwa sababu ina mwisho mtamu: vumilia, zamu yako inakuja. Sasa je, ambaye zamu yake haiji? Wale ndugu saba walirudi nyumbani wakiwaza nini?

Fikiria mwaka 2014, shindano la Tanzania Movie Talents lilipozunguka kanda za nchi yetu kusaka waigizaji wapya. Vijana walijitokeza kwa wingi, na mwisho wa yote Mwanaafa Mwinzago akatwaa shilingi milioni 50. Tulimpigia makofi, na alistahili. Mwaka huo huo Lupita Nyong'o, mtoto wa majirani zetu Wakenya, alipewa tuzo ya Oscar kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya "12 Years a Slave". Inasimuliwa kwamba kabla ya kumpata yeye, wasichana zaidi ya elfu moja walikuwa wamefanyiwa usaili wa nafasi hiyo moja. Sisi tunamjua mmoja. Wale elfu moja nao walikariri maneno, nao walikuwa na mama zao waliokaa wakisubiri simu. Ukihesabu vizuri, karibu kila anayekwenda kwenye usaili ni mmoja wa wale elfu. Injili isiyo na neno kwa ajili yao itakuwa Habari Njema kwa washindi peke yao.

Basi ikafika tarehe 14 Mei, sikukuu ya Mtume Mathia. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kusoma somo la kwanza, Matendo ya Mitume sura ya 1. Unalijua. Yuda ameanguka, nafasi moja iko wazi, na Petro anasimama mbele ya ndugu wapatao 120. Anataja vigezo: awe mtu aliyefuatana nasi wakati wote, tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku Bwana alipopaa. Wanapendekezwa wawili. Wa kwanza kutajwa ni Yosefu, aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto. Wa pili ni Mathia. Wanasali. Wanapiga kura. Kura inamwangukia Mathia.

Nimelisikia somo hili tangu nikiwa mtumishi wa altare, na kila mwaka macho yangu yalimfuata Mathia. Siku ile, nikiwa bado pale mimbarini, nikamwona yule mwingine.

Mtazame na wewe. Barsaba alikuwa na vigezo vyote. Alitembea na Yesu miaka ile yote, hakuwa mgeni aliyebahatisha. Jina Yusto maana yake ni mwenye haki, kwa hiyo hata sifa alikuwa nayo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikosea, wala kwamba imani yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake. Waliomsimamisha walimwamini, na sala ilisaliwa kabla ya kura. Hapakuwa na rushwa, hapakuwa na jaji mwenye dharau, hapakuwa na upendeleo. Na bado jibu likawa hapana. Mbele ya watu 120 wanaomfahamu! Nafasi ilikuwa moja, watu wanaofaa walikuwa wawili.

Hapo nikaelewa nilichopaswa kumwambia yule binti. Kukosa nafasi si hukumu. "Hapana" ya usaili hujibu swali moja tu: je, ni huyu anayefaa kwa nafasi hii, leo, machoni pa watu hawa? Haijibu swali la wewe ni nani. Wala haijibu kama Mungu anakupenda, au kama mama yako alifanya ujinga kuuza kuku zake. Shida yetu ni kwamba tukiwa pale mbele ya kamera tunayachanganya maswali yote, halafu jibu la lile dogo tunalipokea kama jibu la yote.

Naomba nitumie kidogo falsafa niliyosomeshwa kwa michango yenu ya seminari. Kilatini kina neno "persona". Zamani neno hili lilikuwa la jukwaani: lilimaanisha kinyago alichovaa mwigizaji usoni, na pia nafasi aliyoiigiza. Wakristo wa kale walilichukua neno hilo hilo la waigizaji wakalitumia kusema habari za Mungu mwenyewe, kwamba ni Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Baadaye, katika karne ya sita, mwanafalsafa Boethius akalifafanua kuwa ni kila mmoja mwenye asili ya akili, katika upekee wake. Ona safari ya neno hili! Limeanzia kwenye kitu kinachovaliwa na kuvuliwa, likaishia kwenye kitu kisichoweza kuvuliwa kabisa. Nafasi ya Mama Maria unaivaa Ijumaa Kuu na jioni unaivua. Nafsi huivai, wewe ndiye hiyo nafsi. Jaji anaweza kukipima kinyago na kusema hakikai vizuri, hiyo ni kazi yake halali. Nafsi yako haikuwa mezani pake.

Nisisitize, Kanisa halikidharau kipaji hiki. Tuna mtakatifu msimamizi wa waigizaji, Genesi wa Roma, anayekumbukwa tarehe 25 Agosti. Mapokeo yanasimulia kwamba aliongoka akiwa jukwaani, akiigiza ubatizo kwa kejeli ili wapagani wacheke, na kwamba akafa shahidi. Mtakatifu Yohane Paulo II, kabla ya kuingia seminari, alikuwa mwigizaji. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wanazi, yeye na wenzake walianzisha kundi la maigizo lililoonyesha kazi zake kwa siri nyumbani kwa watu. Na alipokuwa Papa, Pasaka ya mwaka 1999 aliwaandikia barua wasanii wa dunia nzima. Kwa hiyo ukiniuliza, "Frateri, je, ni dhambi kutamani kuigiza?" nakujibu hapana. Nenda. Jiandae, soma, fanya mazoezi, kosoleka. Maana tuseme ukweli, mara nyingine "hapana" inakuja kwa sababu hatukujiandaa, tukaenda na kipaji kitupu tukidhani kinatosha.

Lakini kuna hatari moja, nami nitakuwa mchoyo nikikaa kimya. Mtu akishaamini kwamba jibu la majaji ndilo jibu la maisha yake, atakuwa tayari kulipa chochote apate "ndiyo". Na wapo watu wanaoijua njaa hiyo. Ataambiwa alipe ada ya fomu, halafu ada ya mafunzo, halafu ada ya picha, na filamu yenyewe haipo. Ataambiwa usaili wa pili ni usiku, hotelini, aje peke yake. Dada yangu, kaka yangu, huo si usaili. Kudai ngono ili utoe nafasi ya kazi ni rushwa, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la jinai. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Mtengenezaji wa kweli wa filamu anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Filamu, muulize bila aibu. Usiende peke yako, aga nyumbani, mtu mmoja ajue ulipo. Na kama yameshakupata, wewe si mchafu na wala hujapoteza nafasi yako mbele za Mungu. Aliyetenda ndiye mwenye dhambi. Tafuta mtu unayemwamini, padre, sista, mama wa jumuiya, useme. Tutakusikiliza.

Sasa niwaambie la kwangu, maana si haki nisimulie la mwenzangu peke yake.

Tulipokuwa tunasoma falsafa nilikuwa na rafiki. Tulikaa dawati moja. Alikuwa akiimba kuliko mimi, akisali kuliko mimi, na mtihani wa metafizikia yeye ndiye aliyenifundisha usiku kucha mpaka nikafaulu. Mwisho wa mwaka mmoja aliitwa ofisini, akashauriwa kwa upole aangalie wito mwingine. Mimi nikaitwa, nikaambiwa niendelee. Nilimsindikiza stendi nikiwa nimembebea begi, na njia nzima sikujua niseme nini. Mpaka leo sijui kwa nini kura ilinidondokea mimi. Wanaodhani aliyechaguliwa hujua sababu, wanakosea. Nadhani Mathia naye hakujua.

Rafiki yangu alikaa miezi kadhaa bila kukanyaga kanisani kwao, kwa sababu ile ile ya binti wa Ikungi: kijiji kizima kilikuwa kimemchangia. Leo ni mwalimu wa sekondari na anaongoza kwaya ya parokia yake. Siku moja nilimuuliza kilichomrudisha. Akasema hakuna aliyemhubiria. Bibi mmoja wa jumuiya alimtumia ujumbe kwamba kinanda kinahitaji mtu, basi. Hakumuuliza habari za seminari hata kidogo.

Wewe ambaye ndugu yako amerudi kutoka mjini mikono mitupu, shika hilo. Usimuulize, "Vipi, tutakuona lini kwenye runinga?" Usimwambie uliyajua toka mwanzo. Na sisi tuliochanga, jamani, mchango si mkopo. Tuliutoa kwa upendo, upendo haudai risiti. Mpe mtu nafasi ya kukaa, na umpe kazi ya kufanya.

Juma lile la sikukuu ya Mathia nilirudi tena Ikungi. Nilikuta wanapura alizeti, mama na watoto, vumbi limejaa. Nikavua viatu, nikapewa fimbo nikaanza kupiga, vibaya, wakanicheka. Huku tukipura nikamsimulia binti habari za Barsaba. Sikuongeza mahubiri, nilisimulia tu kama ilivyoandikwa, mpaka pale Mathia anapohesabiwa pamoja na wale mitume kumi na mmoja.

Akaacha kupura. "Na huyo mwingine alikwenda wapi?"

"Biblia haisemi."

Akafikiri kidogo. "Basi alibaki. Angekuwa ameondoka, watu wangesema. Watu hawaachi kusema mtu akiondoka."

Mama yake akacheka, akasema, "Hilo kweli kabisa."

Mimi nilisoma miaka mitatu ya falsafa na sikuwahi kuliona hilo. Na kama binti yuko sahihi, kama Barsaba alibaki, basi tazama ukurasa unaofuata. Sura ya pili ya Matendo inaanza na siku ya Pentekoste, na Luka anasema walikuwa wote mahali pamoja. Roho Mtakatifu hakuuliza nani alishinda kura. Ndimi za moto zilimkalia kila mmoja. Nafasi ya kumi na mbili ilikuwa ya mtu mmoja, lakini moto ulikuwa wa wote waliokuwamo ndani. Barsaba angeweza kuukosa kwa njia moja tu: kwa kwenda zake kwa aibu siku chache kabla.

Ndiyo maana nakuomba, kijana mwenzangu, ukiambiwa "anayefuata", lia ukitaka, pumzika ukitaka, ila usiondoke chumbani. Rudi jumuiya. Rudi kwaya. Usaili mwingine ukitangazwa nenda tena, au usiende, uko huru. Usikose tu kuwepo siku Roho atakapokuja, maana hatangazi kwenye WhatsApp.

Unataka kujua binti yuko wapi? Hajapigiwa simu na mtu. Hayupo kwenye tamthilia yoyote. Jumamosi iliyofuata alikuja jumuiya, akakaa karibu na mlango. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye hekima, hakumuuliza kitu. Alipofika kwenye matangazo akasema tu kwamba watoto wa Utoto Mtakatifu wanaandaa igizo na hawana mtu wa kuwafundisha. Kimya kikapita. Kisha nikasikia sauti kutoka mlangoni: "Wanaanza mazoezi saa ngapi?"

Tusali.

Bwana Yesu, wewe uliletwa mbele ya umati pamoja na Baraba, nao wakamchagua Baraba. Unajua inavyouma kuachwa mbele za watu. Waangalie vijana wote waliorudi nyumbani bila nafasi waliyoiota. Waondolee aibu isiyo yao. Walinde na wanaowinda njaa yao. Wape majaji macho ya heshima, na sisi jirani zao tupe ulimi wenye adabu. Na sote tuwepo mahali pamoja siku utakapomtuma Roho wako. Amina.

Kwa tafakari ya wiki hii: ni "hapana" gani ya zamani ambayo bado unaibeba kama jina lako? Na ni nani kwenye jumuiya yako anakaa karibu na mlango, akisubiri tu apewe kazi?

Mtakatifu Mathia, utuombee. Na wewe Barsaba uitwaye Yusto, utuombee.

Ndugu yenu, Frateri, kutoka Singida.